Ishirini na Sita Zote Sawa, Mzee

Ukitaka kuheshimiwa katika duka la spea hapa Tanga, ingia umeshika helmeti. Pikipiki si lazima uwe nayo. Iweke tu hiyo helmeti juu ya kaunta kwa kishindo, uone mambo. Kijana aliyekuwa ameinamia simu atainuka, atakuita bosi, atafuta vumbi la kaunta kwa kiganja, na kabla hujasema umefuata nini atakuwa ameshakutajia bei ya plagi, ya klachi na ya oili. Mimi huingia tairi limening'inia begani, mguu mmoja wa suruali nimeubana kwa kibanio cha kuanikia nguo ili usiliwe na cheni. Naitwa mzee. Kisha naombwa nisogee pembeni, nisiwazibie wateja.

Sasa mimi ni nani, kama si mteja? Noti zangu zina picha zilezile zilizo kwenye noti za mwenye boda, ingawa zangu zimekunjwa mara nyingi zaidi.

Ajabu ni kwamba haya yanatokea Tanga. Ingekuwa Lushoto kule milimani ningenyamaza, maana mtu wa Lushoto akinunua baiskeli nusu ya safari ataisukuma. Lakini Tanga ni tambarare, na baiskeli hapa haikuwahi kuwa chombo cha mtu aliyeshindwa maisha. Makarani wa mashamba ya mkonge walipanda baiskeli, walimu walipanda, hata posa zilipelekwa kwa baiskeli na majibu yakarudi nayo. Mpaka leo, simama asubuhi Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zenye namba badala ya majina, ya 1 mpaka ya 21, utawaona: mama kajitanda, kikapu cha samaki mbele, mzee kakunja kanzu mpaka magotini, wanafunzi watatu wamegawana kiti kimoja na keria moja, na wa nne anakimbia nyuma akisubiri zamu. Wapanda baiskeli hatujahama. Waliohama ni wenye maduka. Boda iliingia mjini, nao wakaidandia.

Tazama rafu zao. Za mbele, zenye kioo na taa, ni za boda: vioo vya pembeni, taa za rangi za kumulikia vifundo vya miguu, vibandiko vya timu za Ulaya. Za bajaji zinafuata. Spea za baiskeli zimeshushwa chini, nyuma kabisa, ndani ya boksi la mafuta ya kula ambamo paka wa duka kazalia. Hilo la paka si chumvi. Niliomba spoku, nikaambiwa nisubiri anyonyeshe.

Foleni nayo ina daraja zake. Kwanza mwenye boda. Pili mwenye bajaji. Tatu mtu aliyeingia kuuliza njia ya kwenda stendi. Nne mimi. Nyuma yangu yuko mtoto aliyeleta mpira ujazwe upepo, na huyo akianza kulia kidogo tu, ananipita.

Lakini kungoja nimezoea, umri wangu wote nimengoja. Kinachonipandisha presha ni kuuziwa kisichokuwa changu na mtu ambaye hana haja ya kusikiliza. Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, ile yenye fremu iliyoinama katikati ili hata mwenye kanga aipande kwa heshima, yenye kikapu mbele na kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma ambalo ufunguo wake ulibaki hukohuko kwao. Ina pia kibandiko cha Kijapani, kwani kule baiskeli huandikishwa kama kinga dhidi ya wizi. Hapa kibandiko hicho fundi alikitumia kujaribia kama bisibisi yake bado ina makali.

Tairi la nyuma lilipochakaa mpaka nyuzi zikaanza kuchungulia, nililivua, nikalibeba begani mpaka dukani. Sikwenda na maelezo ya mdomo. Nilikwenda na mgonjwa mwenyewe. Nikasema: "Kijana wangu, nataka kama hili."

Akalitupia jicho. "Ishirini na sita," akasema, akanirushia jingine lenye meno makubwa, la kupandia milima ambayo mji huu haujapewa.

"Hili silo."

"Ishirini na sita zote sawa, mzee."

Hapa naomba msomaji anivumilie, nitoe hesabu kidogo, kwa sababu nimeshanyimwa nafasi ya kuitoa dukani. Ile 26 ni inchi, tena inchi za kukadiria ukubwa wa tairi kwa nje likishajaa upepo, kama walivyokadiria watu wa zamani. Haikuambii lolote la uhakika kuhusu ringi. Kinachokuambia ni namba nyingine, ndogo, iliyochorwa ubavuni mwa tairi, ambayo ipo pale kwa ajili ya muuzaji na ambayo muuzaji hajawahi kuisoma. Tairi langu, la 26 x 1 3/8, liliandikwa 37-590. La kwake, la 26 x 1.95, liliandikwa 50-559. Namba ya kwanza ni unene kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi. Toa 559 katika 590, unabaki na milimita 31, sentimita tatu na ushei. Na hizo ni 26 mbili tu. Iko 26 nyingine ya 584, na nyingine ya 571. Hata 28 ya Phoenix, ile baiskeli nyeusi ya Kichina iliyobeba nusu ya nchi hii, ringi yake ni 635, wakati 28 ya baiskeli za mbio za Wazungu ni 622. Ukoo mmoja, majina yaleyale, na hakuna anayevaa nguo za mwenzake.

Nikamwonyesha kwa kidole: tano, tisa, sifuri. Tano, tano, tisa. Akaziangalia zote mbili kwa utulivu. "Hiyo ni namba ya simu ya kiwanda, mzee."

Mwenye duka akaja, mtu mzima mwenzangu, nikadhani nimepata shahidi. Akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema mpira huvutika. "Lipeleke kwa fundi. Likikataa, rudisha." Shilingi 15,000 zikaingia kwenye mtoto wa meza.

Likakataa. Fundi alilianzia kwa mikono, akaongeza bisibisi, akaongeza vijiko viwili vya kulia wali, akalisimamia kwa miguu yote miwili akimwomba mpita njia ashike upande wa pili. Upande mmoja ulipoingia, mwingine ulitoka. Kilichovutika siku ile ni fundi. Niliporudi dukani, mwenye duka alilizungusha tairi taratibu, akazigusa alama za vijiko moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hili limeshatumika." Na juu ya kichwa chake, kwa wino mwekundu, ubao: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

Nchi hii ina Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na moja ya kazi zake ni kumlinda mlaji. Nimelifikiria jambo hilo usiku. Nimejiona nikiingia ofisini kwao, tairi begani, nikieleza tofauti ya 590 na 559 mbele ya watu waliosomea sheria. Na katika ndoto ile ile namsikia wa mapokezi akisema, mzee, sogea kidogo, usiwazibie wateja.

Tairi lenyewe nililipata kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu karibu na soko la Mgandini. Alilipima la zamani kwa shubiri, akafunua turubai, akavuta. "La Mjapani," akasema. Hajui 590 ni kitu gani, wala hana ubao wa wino mwekundu. Alinitoza shilingi 7,000 na kunipa kipande cha muhogo.

Nirudi kwa huyo fundi wa vijiko. Yuko chini ya mkungu, na sina wa kumbadilisha naye. Vifaa vyake ni beseni la maji ya kutafutia pancha, nyundo, na spana malaya, ile isiyochagua nati. Kila nikifika huinamia baiskeli, hulamba midomo, huuliza: "Nani alikuharibia hii?"

"Wewe."

Hunyamaza kidogo, akatazama mbali. "Ile ilikuwa Ramadhani."

Sasa huyu ndiye aliyenifungia pedali ya kushoto. Wenye baiskeli wanajua, na waliobaki wajue leo: pedali ya kushoto hukazwa kinyume na skrubu za kawaida, ili mzunguko wa mguu usiifungue njiani. Fundi wangu halitambui suala la kinyume. Kwake kukaza ni kulia, kulia ndiko kwenye heri. Pedali ikakataa kwa sauti. Akaikaza zaidi. Ikakataa kwa sauti kubwa zaidi. Akachukua nyundo, akaipiga mara kadhaa kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto, akafuta jasho: "Imekubali." Ilikubali mpaka karibu na hospitali ya Bombo, hapo ikajiuzulu na kubingiria peke yake kuelekea baharini.

Na hii si kazi ya kudharauliwa. Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili waliorusha ndege tarehe 17 Desemba 1903, walikuwa wenye duka la baiskeli, mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Walifungua biashara hiyo mwaka 1892, wakauza, wakatengeneza, wakaunda za kwao. Mafundi baiskeli! Nilimsimulia fundi wangu nikidhani atatiwa moyo. Alichotaka kujua ni wateja wao walisubiri muda gani wakati wao wanachezea ndege. Na John Boyd Dunlop, aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alikuwa daktari wa mifugo kule Belfast, alianza kwa kulifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kwa hiyo kama ndege ilitoka kwa fundi baiskeli, na tairi lilitoka kwa daktari wa ng'ombe, sioni ubaya nikipeleka pancha zangu kwa bwana mifugo wa kata.

Gololi nazo ni habari. Habu ya kawaida ya nyuma hukaa gololi tisa kila upande, zile nene, na ya mbele kumi nyembamba. Fundi akifungua, huzimwaga kwenye kizibo cha chupa ya soda, kizibo hukipiga teke kwa bahati mbaya, tunazitafuta sote mchangani. Zinapatikana saba. "Saba zinatosha," hunihakikishia. "Tisa zinabanana mno." Basi gurudumu langu la nyuma linazunguka kwa nafasi, na kelele zake zinanitangulia msikitini.

Akikuambia "njoo kesho," usiiache baiskeli. Niliiacha. Kesho yake nipo Barabara ya 12, nasubiri daladala, inanipita: kikapu changu, kibandiko changu cha Kijapani, na magunia mawili ya mkaa juu ya keria. Juu yake kijana nisiyemjua, anapiga mluzi. Nilipomfikia fundi pumzi zimenipaa, alinieleza bila aibu yoyote kwamba ilikuwa kwenye majaribio. Utajuaje kama imepona bila kuibebesha mzigo? Nikauliza, majaribio hayo yanalipwa kiasi gani kwa gunia? Akasema hayo ni mambo ya kiufundi.

Jirani yangu ana Phoenix ya marehemu baba yake. Nyingi za zile za zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo wote hukaa nyuma. Ringi ya nyuma ilipopinda alikwenda dukani, lile lile la kwangu, akapewa yenye matundu 36. Akahesabu mbele ya kijana, tundu kwa tundu. Kijana akamshauri: "Zile nne ziweke akiba."

Ukinunua mpya mambo hayawi mepesi, usidanganyike. Mjukuu wangu alinunuliwa baiskeli ndani ya boksi, dukani wakaifunga wenyewe kwa malipo ya ziada. Ikaja nyumbani inang'aa, kengele inalia, na ule uma unaoshika gurudumu la mbele umetazama nyuma, breki zimegeukia miguu ya mtoto. Akikata kona, gurudumu linamkanyaga kidole. Nilipoirudisha niliulizwa kama mtoto ameizoea. Nikasema anaanza kuizoea. "Basi tukigeuza utamchanganya."

Na kila mmoja wao, muuza tairi, fundi, kijana wa pampu ya umeme aliyenipasulia tyubu kwa kuijaza upepo wa bajaji, humalizia kwa ushauri uleule: "Mzee, kwa nini usiiuze hii ukanunua boda?" Mke wangu, ambaye ndiye mwenye haki ya kunishauri, hajawahi kusema hivyo. Hawa wamenifahamu tangu nilipofika kaunta.

Sipingi hesabu zao. Kiraka ni shilingi 500, pengine 1,000 ukiwa na sura ya mgeni. Mwenye boda akiingia huacha makumi elfu, na wiki ijayo atarudi tena kwa kuwa chombo chake hula oili kila kukicha. Baiskeli ikitunzwa vizuri inaweza kukaa miezi bila kumpa mtu senti. Duka halitakupenda kwa hilo. Wala mkosi huu si wa Tanga tu. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2018 kwamba tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, na miaka miwili baadaye, tarehe hiyohiyo ya 3 Juni, kiwanda cha baiskeli za Atlas kule Sahibabad, India, kilisimamisha kazi kwa kukosa fedha. Sikukuu yetu yenyewe ina mkosi, nitamlaumuje kijana wa Ngamiani? Namlaumu kwa moja tu: kunitazama akaona sikufika kwenye pikipiki. Mimi pikipiki nimeshaipanda. Niliipanda nyuma ya kijana aliyekuwa anaongea na simu iliyochomekwa ndani ya helmeti, tukapita katikati ya malori mawili, na tangu hapo nina maoni yangu.

Juzi nimekwenda tena, kutafuta raba za breki.

"Za boda?" kijana akauliza.

"Za baiskeli."

"Ya mtoto?"

"Yangu."

Akanitazama kuanzia kwenye kibanio cha nguo kwenda juu. "Unaendesha mwenyewe, mzee?"

"Ulitaka niendeshwe na nani?"

Akaenda nyuma, akalifunua boksi, paka akamfokea, akarudi mikono mitupu. Hapa zimeisha, akasema, ila stoo zipo, Barabara ya 9, nimpe dakika tano. Akatoka nje kwenye boda yake, nyekundu, ina vibandiko vya timu mbili zisizopatana. Akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena. Akafungua tangi, akachungulia, akalitikisa, kimya. Petroli hakuna. Akatazama barabara upande huu, akaitazama upande ule, macho yakatua kwenye baiskeli yangu niliyoiegemeza nguzoni.

"Shikamoo mzee wangu," akasema, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Hebu niazime hiyo, nikimbie mara moja."

Marahaba yangu ilikuta ameshaikalia. Alikwenda mbio, kengele mkononi, akiwafokea wenye boda wampishe. Nikapaza sauti mpaka koo likauma: kijana, hiyo haina breki!

"Najua, mzee!" akajibu, ameshakata kona. "Si ndizo nazifuata?"